Hewa kwenye dizeli sio kisingizio cha dereva

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule tajiri wa malori aliyeandika kwamba madereva wa siku hizi wamepata wimbo mpya, gari ikizima njiani basi ni "hewa" imeingia kwenye njia ya mafuta, na yeye ameamua dereva atakayempigia simu kusema hewa anakatwa kwenye posho ya safari. Niliisoma nikacheka halafu nikakasirika, maana mimi ni fundi wa dizeli hapa Makambako, malori yanayotoka Dar kwenda Tunduma na yanayorudi yote yanapita mbele ya gereji yetu, na hiyo hewa anayoikataa ndo inatulisha hapa.

Kwanza nimpe haki yake. Wapo madereva wanaopiga mafuta, hilo halifichiki, yale madumu ya njano pembeni ya barabara usiku yanajieleza yenyewe. Mtu anachomoa lita zake anauza, anapiga hesabu kwamba yaliyobaki yatamfikisha, hayamfikishi, tangi linakauka, gari inazima, tajiri anapigiwa simu anaambiwa hewa. Na hapo wala sio uongo mtupu maana tangi likikauka pampu inavuta hewa kweli, hata ukimwaga mafuta mapya gari haiwaki mpaka hewa uitoe. Ila hewa ya namna hiyo ina alama yake: ukijaza mafuta ukaitoa imeisha, gari inaondoka na shida hairudi. Ile inayorudi kesho asubuhi, na keshokutwa, na kila kwenye mlima mkali, hiyo sio ya dereva, hiyo ni ya mwenye gari, na ndo nataka kuizungumzia.

Kwa wasomaji ambao sio watu wa gereji, injini ya dizeli haina plagi ya kupiga cheche, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, kwa hiyo lazima yaingie yakiwa kama ukungu, na ili yawe ukungu lazima yasukumwe kwa presha kubwa sana. Nozo, yaani vile vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda, kwa magari ya zamani yenye pampu ya kawaida zinafunguka kwenye bar 200 hivi, wakati tairi la lori lililojazwa vizuri lina kama bar 8 tu. Sasa dizeli ukiibana haisinyai, nguvu yote ya pampu inafika kwenye nozo. Hewa inasinyaa. Pampu inasukuma, povu linabanwa na kuachia, nozo hata haitikisiki, ni yale yale ya breki za gari ndogo zilizoingia hewa, unakanyaga pedo inazama mpaka chini na gari haisimami. Ndo maana utakuta stata inazungusha vizuri kabisa, betri zipo, mafuta yapo kwenye tangi, na gari haiwaki. Angalia ekzosi wakati wa kupiga stata, kama hata moshi hautoki basi mafuta hayafiki kwenye silinda, usianze kuhangaika na vitu vingine.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea, mpaka mafundi wenzangu. Watu wanaitafuta hewa kwa kutafuta tone la mafuta chini ya gari, wanazunguka na tochi, hamna tone, wanasema gari haina ubovu, dereva ndo muongo. Jamani, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye pampu ndogo iliyopo ubavuni mwa injini mafuta hayasukumwi, yanavutwa. Kitundu kikiwa upande huo wa kuvuta dizeli haitoki nje, ni hewa inayoingia ndani, na pale pale panabaki pakavu, ukibahatika utaona vumbi limegandia unyevu kidogo kwenye maungio basi. Tone la kuonekana ni la upande wa kusukuma, baada ya pampu. Kwa hiyo tajiri anayesema "nimeangalia gari yangu haivuji" bado hajaangalia kitu.

Na ndo maana inasumbua zaidi asubuhi. Gari ikilala, hewa inajipenyeza taratibu kwenye hicho kitundu, mafuta yaliyokuwa kwenye laini yanashuka yanarudi zake kwenye tangi. Asubuhi ukipiga stata inashika, kwa sababu kwenye filta na kwenye pampu kuna mafuta kidogo yamebaki, inanguruma sekunde chache inaanza kumisi, mzunguko wa injini unapanda unashuka, inazima. Hapo unaweza kupiga stata mpaka betri zife. Huku kwetu na Mafinga na Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi linashika kweli kweli, dereva anasema ni baridi, fundi wa umeme anasema ni betri, tajiri anasema ni uvivu, na kumbe ni klipu moja ya hozi imelegea.

Halafu kuna Kitonga, ule mlima mkali wa Iringa. Kila anayepita barabara ile anajua lori moja likizima kwenye kona pale juu foleni inakuwaje, mabasi, wagonjwa, kila mtu anakaa. Kwa nini izime Kitonga wakati toka Mikumi ilikuwa inakuja vizuri? Sababu zipo mbili. Ya kwanza, gari ikiwa na mzigo na inapanda, injini inataka mafuta mengi kuliko wakati wowote, pampu inavuta kwa nguvu, na kale katundu ambako kwenye tambarare kalikuwa kanaingiza vipovu viwili vitatu visivyosumbua sasa kanaingiza vya kutosha kuizima. Ya pili, bomba la kuvutia mafuta ndani ya tangi haligusi chini kabisa, limeachiwa nafasi makusudi lisivute maji na uchafu uliotulia, sasa gari ikiinua kichwa kwenye mlima na mafuta ni machache yanakimbilia nyuma ya tangi, bomba kama limekaa mbele linabaki linavuta upepo huku geji inakuambia mafuta yapo. Dereva akikuambia geji ilikuwa inasoma na gari ikazima usimuite mwizi hapo hapo. Mwambie siku nyingine pale Ruaha Mbuyuni kabla ya kuanza kupanda aongeze mafuta, na wewe tajiri acha kumpimia mafuta ya kufika na tone la mwisho.

Zile zenye matangi mawili nazo zina mambo yake, bomba la kuunganisha tangi na tangi likiziba au likiingiza hewa moja linakauka wakati la pili limejaa, unachungulia lile lililojaa unashangaa.

Hewa inaingilia wapi sasa? Mara nyingi ni vitu vya bei ndogo kabisa. Hozi ya mpira iliyozeeka, ukiikunja unaona nyufa. Klipu. Oringi, ule mpira wa duara, ya kikombe cha separeta, yaani chujio la kutenga maji na dizeli, hii inaongoza, maana mtu anafungua kumwaga maji, oringi imeshakakamaa, anairudishia hiyo hiyo. Washa za kopa kwenye bolti za mabomba, zimefunguliwa na kufungwa mpaka zimekuwa ngumu na zina mstari, hazibani tena. Washa ya kopa ukikwama porini ipashe kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji, isugue ile ganda nyeusi, inalainika inabana tena, huo ni ufundi halali kabisa ila sio sababu ya kutokununua mpya. Bomba la ndani ya tangi likipata ufa juu juu, gari inatembea vizuri tangi likijaa na inaanza kuzima likifika nusu, kila safari pale pale, ukikuta gari ya namna hiyo usisumbuke na filta, fungua tangi.

Kuna moja ambayo sio hewa ingawa inaonekana kama hewa. Yale malori ambayo nozo zake zimezamishwa kwenye silinda hedi na mafuta yanapita ndani ya hedi kuzifikia, vile vibomba vya kopa vinavyoshika nozo vikichoka, moto wa silinda unapenya unaingia kwenye njia ya mafuta na kuyasukuma yarudi nyuma. Utatoa hewa mpaka uchoke. Chomoa laini ya kurudishia mafuta uitumbukize kwenye ndoo ya dizeli injini ikiwa inawaka, na kama upande wa kuvuta umeshaupima ukaukuta safi na bado inabwabwaja vipovu bila kuacha, hiyo ni kazi ya hedi, ipeleke kwa fundi na uandae hela.

Kupima upande wa kuvuta hakuhitaji kompyuta. Tafuta kipande cha hozi ya plastiki inayoonyesha ndani, kiunge kabla ya pampu ndogo, washa gari uangalie. Vipovu vikipita, vinatoka nyuma ya hapo kuelekea tangini. Sogeza kile kipande kurudi nyuma, ukiunga kabla ya separeta na vipovu havipo basi mwizi ni separeta au hozi iliyo kati yake na pampu. Au chukua dumu safi la dizeli, liinue juu kidogo usawa wa injini, chomeka hozi ya kuvutia humo na ya kurudishia humo humo, usisahau ya kurudishia maana dumu litakwisha unaangalia. Gari ikitulia kwa dumu na ikasumbua kwa tangi, umeshajua pa kutafuta.

Kutoa hewa kwenyewe kwa gari ya zamani, zile Fuso na Isuzu na Scania za pampu ya mstari, kila utingo anapaswa kujua kabla hajafundishwa kufunga turubai. Zungusha kile kitufe cha pampu ya mkono mpaka kichomoke. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta, weka kitambaa na kopo chini, pampu. Itatoka hewa, itakuja povu jeupe, halafu dizeli yenye vipovu, usiwe na haraka, endelea mpaka itoke dizeli tupu iliyonyooka na ufunge skrubu huku mkono wa pili bado unapampu. Hama kwenye skrubu ya pampu kubwa ya nozo, fanya hivyo hivyo. Kitufe kirudishe ukikaze, usipokikaza hapo hapo patageuka kuwa mlango wa hewa mpya. Piga stata, sekunde kumi na tano ishirini inatosha, pumzika dakika moja au mbili, stata inaungua kwa ubishi. Ikiwa bado, legeza nati za mabomba kwenye nozo mbili tatu kwa nusu mzunguko, mtu mmoja apige stata akiwa amekanyaga mafuta, wewe simama pembeni uso mbali, dizeli ikianza kuruka kaza. Nyingi zinawaka kabla hujamaliza zote, itapiga na silinda nne ikitetemeka kisha itajisafisha yenyewe.

Hiyo ya mwisho, ya kulegeza nati za nozo, ndo iliyonifanya hasa nishike simu niandike hii barua.

Ni ujuzi tuliorithi kwa wazee na kwa gari za wazee ni sawa. Lakini barabarani sasa hivi kuna malori ya komoni reli kila kona, yaani yale ya kisasa ambayo bomba moja la presha kubwa linalisha nozo zote, na presha humo ni bar 1,600, nyingine zinapita 2,000, na bado naona vijana wanalegeza nati zake na spana injini ikizunguka kama wapo kwenye Fuso ya mwaka themanini. Mafuta yanayotoka kwenye upenyo kwa presha hiyo huyaoni, yanakata ngozi yanaingia ndani ya nyama, hata glavu hazisaidii. Na ubaya wake ni kwamba mwanzoni haiumi sana, unaona kidoti tu kwenye kidole, unafuta unaendelea na kazi, baada ya masaa kidole kinavimba, kinakufa ganzi, na ukichelewa wanakata. Mtu akipigwa hivyo asisubiri kuvimba na asipake kitu, akimbizwe hospitali yenye daktari wa upasuaji na aseme wazi kwamba ni dizeli imeingia kwa presha, asiseme nimechomwa na waya akapewa dawa ya maumivu akarudishwa nyumbani. Na hata bar 200 za gari ya zamani zinapenya ngozi, kwa hiyo kidole kisiende kupapasa pale bomba linapovuja, tumia kipande cha boksi.

Kwa komoni reli kazi yako inaishia upande wa presha ndogo. Pampu ya mkono ipo kwenye filta au kwenye separeta pale chesisi, legeza skrubu ya hewa ya hapo, pampu mpaka dizeli itoke safi, funga, endelea kupampu mpaka mkono usikie ugumu, kisha piga stata, huko mbele injini itaitoa hewa yenyewe. Nyingine zina pampu ya umeme, unafungua swichi unasubiri inanguruma, unazima, unarudia. Jina la gari lisikudanganye maana zipo HOWO za pampu ya kawaida na zipo za komoni reli, zinafanana kebini. Angalia kama kuna nyaya za umeme zinazoingia kwenye nozo au kwenye pampu zake, zikiwepo spana irudi mfukoni, na kama huna uhakika ihesabu kuwa ni ya kisasa. Na kwa gari hizi usijaze filta mpya kwa dizeli ya dumu kabla ya kuifunga, uchafu unaumwaga upande ambao haupiti tena kwenye chujio na nozo yake moja tu bei yake unaijua tajiri.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu yananiudhi. Kunyonya dizeli kwa mdomo, ikipitiliza ikaingia kwenye mapafu ni hospitali, na aliyemeza asitapishwe maana ndo inapita tena karibu na mapafu. Kuchukua upepo wa breki na kuusukumia kwenye tangi ili mafuta yafike mbele, tangi la mafuta halikutengenezwa kubeba upepo huo, linapasuka. Kumwaga petroli kwenye njia ya hewa ili "ishtuke", inashtuka kweli na nyusi zako zinakwenda. Na dizeli iliyomwagika kwenye lami ifukieni na mchanga, bodaboda anayekuja nyuma haioni, na yale mawe mnayozuilia matairi na matawi mnayoweka kama alama, mkiondoka ondokeni nayo.

Nirudi kwa tajiri. Wewe unamkata dereva posho, halafu gari unaitoa Dar kwenda Lubumbashi haina hata spana namba kumi na tatu. Ukimkata, safari ijayo hatakupigia, atapiga stata mpaka aiunguze au atamuita kijana wa pembeni ya barabara afungue asichokijua. Weka kwenye kila kebini spana namba nane mpaka kumi na tisa, washa za kopa za saizi za gari hiyo, oringi ya separeta, mita mbili za hozi na klipu, filta ya akiba, na kile kipande cha hozi ya plastiki niliyosema. Vyote havifiki bei ya kuikokota gari mara moja toka Kitonga. Na wanaofundisha madereva wa magari makubwa, kuanzia chuo cha usafirishaji NIT pale Mabibo na vyuo vya ufundi vya VETA, ningependa kuona mwanafunzi haondoki bila kutoa hewa kwa mikono yake kwenye gari ya zamani na ya kisasa, zote mbili, mwalimu akiwa amesimama hapo.

Kumtambua mwizi wa mafuta ni rahisi, pima tangi kwa kijiti mbele yake akiondoka na akirudi, huhitaji kubishana na hewa. Na ile gari aliyoitaja kwenye barua yake, inayozima kila asubuhi na dereva wa tatu sasa anasema hewa, madereva watatu hawawezi kuwa wameambizana. Abadilishe hozi zote toka tangini mpaka pampu ndogo na oringi ya separeta kabla hajamuajiri wa nne. Ikiendelea kuzima ailete Makambako, tutaifungua tangi yeye akiwa amesimama hapo hapo anaangalia.

Fundi wa dizeli,
Makambako